Hesabu ya Bi Tima

Hukumbuki. Ndivyo inavyotakiwa.
Dawa ya usingizi iliifuta asubuhi yote,
na mimi ndani yake.
Basi nikueleze, Bi Tima Shekuwe wa Langoni,
maana kwenye faili nimeandika machache.

Alfajiri, punda wakilia nyuma ya ukuta,
nilikuuliza, "Umekula? Umekunywa?"
Ukaapa. Ukanyamaza. Kisha:
"Ni kijipande tu cha mkate wa sinia, mwanangu,
cha kusindikizia dua."
Tukakusogeza mpaka saa sita mchana.
Daktari alininunia mimi.

Pete mbili zilitoka kwa sabuni.
Kipini cha pua kilitoka kwa machozi,
hakikuwa kimetoka tangu fungate.
Nikakifunga kwa plasta, nikaandika jina lako juu,
nikamkabidhi binti yako mbele ya shahidi,
maana dhahabu hospitalini ina miguu.

Lakini hina! Harusi ya mjukuu, Jumapili ile,
piko nyeusi kwenye kucha zote kumi,
na kibanio chetu cha kidoleni, kinachosoma pumzi ndani ya damu,
kikatazama kucha zako kikaona usiku.
Nikakibana kwenye ndewe ya sikio.
Tisini na saba, namba ikawaka.

Mlangoni ukanishika mkono.
Hukuuliza kama utakufa.
Ulisema, "Usiniwate wazi."
"Siwati," nikajibu kwa lugha yako,
mimi Mbodze, Mgiriama wa Ganda,
ulimi ukateleza kidogo.
Ukacheka. Ukalala ukicheka.

Taa ya chumba kile haina haya.
Nilikufunika kifua, nikakufunika miguu,
nikabakisha dirisha moja, upana wa sahani,
humo tu Daktari Musembi aliruhusiwa kuingia.
Kila shuka ilipoteleza niliirudisha.
Hakuna aliyeniona. Si kazi ya kuonekana.

Kabla ya kisu tulihesabu kwa sauti, mimi na Kahindi:
vitambaa ishirini, sindano nne.
Uvimbe ukatoka, mkubwa kama balungi.
Tukahesabu tena: kumi na tisa.
"Nafunga," akasema daktari.
"Hesabu haijatimia."
"Sista, nimeangalia."
"Angalia tena."
Moyo wako ulikuwa ukilia kwenye mashine,
wangu ukishindana nao.
Tukapekua ndoo, tukapekua mikunjo ya shuka.
Kilikuwa chini ya kiatu cha Kahindi,
chekundu, kimejibanza
kama mtoto aliyevunja gudulia.
Ishirini.
Sasa funga.

Ulizinduka ukitetemeka kama cherehani.
Nikakuongeza blanketi, nikakulaza ubavu,
"Vuta pumzi, Bi Tima, vuta,"
na swali lako la kwanza: "Nilinena nini?"
Hukunena kitu, nilisema.
Ulimtaja mwanamume
ambaye si marehemu mumeo.
Nimemsitiri naye.

Siku mbili nilikuuliza, wageni wakisikia,
kama upepo umetoka.
Ukajifunika uso kwa leso, ukaniita mtoto asiye na adabu.
Siku ya tatu, adhuhuri, ukaniashiria kwa kidole cha piko.
Nikainama.
"Umetoka."
Sijawahi kunong'onezwa habari njema kwa heshima namna ile.
Nikakuletea uji.

Leo umerudi kutolewa nyuzi.
Jina langu limekupotea. Unamwombea dua daktari,
na ni haki yake.
Lakini umeomba kioo,
wewe uliyeshona kofia za vito miaka arubaini,
tundu baada ya tundu mpaka macho yakaingia ukungu,
ukalikagua tumbo lako kama kazi ya mwanafunzi:
"Huu wa tano umepinda.
Ingekuwa kofia, ningeifumua."

Kisha ukaanza kuzigusa, moja moja,
kwa kucha ambazo piko imepanda juu
na utepe mwembamba mweupe umechomoza chini,
midomo ikienda bila sauti.
Nikangoja, mkasi mkononi.
"Kumi na saba," ukasema. "Wewe una ngapi?"

Nikafungua faili.